Uchaguzi Ukivunja Moyo, Imani Isivunjike

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, ambaye ufalme wote ni wake, na kila anayeshika madaraka hapa duniani ameazimwa tu kwa muda aujuao Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi akina baba, akina mama na vijana wanafunzi mnaotusikiliza majumbani: nakuusieni, na naanza kwa kuiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, wakati wa furaha na wakati wa huzuni. Kwani ucha-Mungu wa mtu haujulikani siku anapolipata alitakalo, bali hujulikana siku anapolikosa.

Maudhui ya khutba yetu ya leo ni hali ambayo imezikumba nchi nyingi, na nchi zetu zimo: hali ya nyoyo kuvunjika baada ya uchaguzi. Yatangazwapo matokeo, nyumba moja hupiga ngoma na nyumba ya pili yake hufunga mlango. Aliyeshindwa kwa haki huhuzunika siku mbili tatu, kisha huinuka akaenda shamba au dukani kwake. Lakini yuko mwenye huzuni nyingine. Huyo ameamka alfajiri akapanga foleni, akapiga kura yake kwa nia safi, kisha akaona, au akaamini kuwa ameona, hesabu haikuwa hesabu. Au akaona uchaguzi umefutwa. Au akaona damu imemwagika mtaani kwake. Huyu hajiulizi tena nani kashinda. Hujiuliza: kuna faida gani? Kwa nini niseme kweli, kwa nini niwe mwaminifu, kwa nini nilee watoto katika haki, ikiwa mambo huishia hivi?

Swali hili si jepesi, na wala si la kukemewa. Tulijibu kwa utulivu, kwa mafunzo ya dini yetu na kwa mambo yaliyotokea katika ardhi yetu wenyewe.

Kwanza, ndugu zangu, tujue ya kwamba huzuni si dhambi. Nabii Yaakub (A.S.) alilia kwa kumkosa mwanawe Yusuf hata macho yake yakapofuka, na Mwenyezi Mungu hakumlaumu kwa machozi yake. Alilolikataza Nabii Yaakub kwa wanawe ni kukata tamaa na rehema ya Mola wao. Na tazameni alivyolikataza. Hakuwaambia wakae wangoje. Aliwaamuru waondoke wakamtafute Yusuf na nduguye. Tumaini lake, basi, lilikuwa tumaini lenye miguu.

Ndiyo maana wanavyuoni wetu wametenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Liko tumaini, nalo ndilo raja, na iko tamaa tupu. Mwenye tamaa tupu hukaa barazani akisubiri mambo yabadilike. Mwenye raja hufanya linalompasa, kisha humwachia Mwenyezi Mungu matokeo. Mfano wake ni mwenye shamba la mikarafuu. Hupanda mche, akaupalilia na kuulinda miaka kadhaa kabla hajaona kikonyo kimoja cha karafuu. Haiwezi mvua wala hawezi jua, lakini jembe ni lake. Naye Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba hata Kiama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi akiweza kuupanda aupande. Hakutuambia kwanza tuhakikishe kuwa tutakula matunda yake.

Pili, tuikumbuke siku ya Hudaybiyya, kwani sijui tukio katika sira ya Mtume linalomfaa zaidi mtu aliyevunjika moyo kwa jambo la watu wote.

Mwaka wa 6 wa Hijra, sawa na mwaka 628 wa Miladi, Mtume (S.A.W.) alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400, wamevaa ihramu, wakiswaga wanyama wa kuchinja, hawakukusudia vita bali kuizuru Al-Kaaba. Walipofika Hudaybiyya, karibu na Makka, Makureshi wakawazuia. Baada ya wajumbe kwenda na kurudi, Makureshi walimtuma Suhayl bin Amr kuandikiana mkataba. Na masharti yake yalikuwa mazito kwa Waislamu. Mwaka huo warudi bila ya kuingia Makka, waje mwaka wa pili yake wakae siku tatu tu. Anayekimbia Makka kwenda Madina bila ya idhini ya jamaa zake arudishwe, lakini anayetoka Madina kwenda Makka asirudishwe. Vita visimamishwe kwa miaka 10. Hata katika maandishi Suhayl alikataa Mtume aandikwe kwa cheo chake cha utume, akataka liandikwe jina lake na jina la baba yake tu. Na Mtume akakubali.

Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal, mtoto wa huyo huyo Suhayl, aliyefungwa kwa sababu ya Uislamu wake. Alikuja akiburura minyororo yake, akaomba aokolewe. Kwa mujibu wa mkataba akarudishwa, huku Waislamu wakimtazama. Mtume alimwusia subira, akampa bishara kuwa Mwenyezi Mungu atamfanyia faraja yeye na wanyonge wenziwe.

Ndugu Waislamu, masahaba hawakuyapokea hayo kwa nyoyo baridi. Sayyidna Umar alikwenda kwa Mtume akamwuliza kwa nini wakubali unyonge ilhali wao wako katika haki. Kisha akenda kwa Abubakar akauliza vile vile. Mtume alipowaamuru masahaba wachinje na wanyoe, hakuinuka mtu. Si kwa uasi, bali huzuni iliwakalia vifuani. Hapo Mtume akaingia hemani kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza. Bibi huyu mwenye busara akamshauri atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake na aite mnyoaji amnyoe. Mtume akafanya hivyo. Walipomwona, wote wakainuka, wakachinja na wakanyoana.

Katika tukio hili mna mafunzo matatu, nami nawaomba vijana wanafunzi wayaandike.

Fundisho la kwanza ni kwamba huzuni kubwa haikutibiwa kwa hotuba, ilitibiwa kwa kitendo cha wajibu kilichokuwa karibu. Waliokuwa hawawezi kusimama walisimama pale walipopata la kufanya. Na aliyeliona hilo ni mwanamke, ndani ya hema, wakati wanaume wote wamenyong'onyea. Akina mama, msidhani kuwa mambo ya umma hayangoji shauri lenu.

Fundisho la pili ni kwamba jambo lililoonekana kushindwa halikuwa kushindwa. Njiani wakirudi, Mwenyezi Mungu aliteremsha Suratul Fat-h, akaliita jambo hilo ushindi. Kwa kuwa vita vilisimama, watu waliweza kukutana na kusikilizana, na wengi wakasilimu. Mwaka wa 8 wa Hijra Mtume aliingia Makka na watu 10,000. Waliotoka kwenda Hudaybiyya walikuwa 1,400. Haijapita hata miaka miwili kamili, wamekuwa mara saba.

Na fundisho la tatu ni habari za Suhayl mwenyewe. Alipotekwa katika vita vya Badri, kabla ya Hudaybiyya, Umar alitaka ang'olewe meno ya mbele asiweze tena kuhutubu dhidi ya Uislamu. Mtume alikataa, akasema kwa maana ya kwamba huenda siku moja mtu huyu akasimama msimamo ambao Umar hataulaumu. Makka ilipofunguliwa, Suhayl alisilimu. Na Mtume alipofariki, watu wa Makka wakaanza kuyumba, aliyesimama akawathibitisha katika dini ni Suhayl bin Amr. Ulimi ule uliokataa utume wa Muhammad katika mkataba, ndio uliowazuia watu wa Makka wasiritadi. Basi nani kati yetu anayejua khatima ya mpinzani wake?

Lakini hapa hapana budi tutahadhari. Pana watu wanaoisoma habari hii wakajifanya wao na chama chao ni masahaba, na wenzao wa chama cha pili ni Makureshi. Hilo ni kosa kubwa. Hakuna chama cha siasa ambacho ni cha Mtume. Vyama ni mikusanyiko ya watu, kila kimoja kina wema na waovu, na wafuasi wake wanasali safu moja wakielekea kibla kimoja. Sisi katika Hudaybiyya tunatafuta adabu ya moyo uliovunjika, hatutafuti jina la kumwitia jirani.

Sasa, ndugu zangu, tutazame nyumbani. Tuvichukue visiwa vya Unguja na Pemba, ambako takriban watu wote ni Waislamu, ili asipatikane mtu wa kusema kuwa ugomvi uliletwa na tofauti ya dini.

Uchaguzi wa kwanza wa visiwa hivyo ulifanyika Julai 1957. Miaka iliyofuata wazee wanaikumbuka mpaka leo kwa jina la zama za siasa. Watu waligomeana maduka, wakasusiana harusi na mazishi, na wenye mashamba wakawafukuza wakaazi wao kwa ajili ya vyama. Katika uchaguzi wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa kwa tofauti ya kura moja tu, na viti vya baraza zima vikagawika sawa kwa sawa baina ya pande mbili. Ukarudiwa uchaguzi Juni mwaka huo huo, na ghasia zilizozuka zikaua watu 68. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama kilichopata zaidi ya nusu ya kura zote kilipata viti vichache, na walioshindwa hivyo waliona wamedhulumiwa. Januari 1964 yakaja mapinduzi na umwagaji wa damu ambao majeraha yake hayajapona katika nyumba nyingi.

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulitangazwa kwa asilimia 50.2 kwa Dakta Salmin Amour wa CCM na asilimia 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Ushindani mkali, matokeo yakapingwa, na yale ya zama za siasa yakafufuka: mtu haendi kununua kwa muuza duka wa chama kingine, hamziki maiti wa chama kingine. Ukaandikwa muafaka mwaka 1999, usitekelezwe ipasavyo. Uchaguzi wa mwaka 2000 ukavurugika, na katika maandamano ya Januari 2001 wakauawa watu wasiopungua 30, wengi wao kisiwani Pemba. Watu wapatao 2,000 wakavuka bahari kwa mashua wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Waislamu wakawa wakimbizi kwa ajili ya kura.

Lau ungemwuliza mtu wa Pemba mwaka ule wa 2001 kama yako matumaini, angekuonyesha kaburi.

Na hata hivyo mlango haukufungwa. Oktoba 2001 ukatiwa saini muafaka wa pili. Uchaguzi wa 2005 ukaleta tena manung'uniko, mazungumzo yakakwama, yakaanza, yakakwama. Kisha tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu ya Zanzibar, wakapeana mikono. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Oktoba 2010 ukafanyika uchaguzi. Dakta Ali Mohamed Shein alitangazwa kwa asilimia 50.1 na Maalim Seif kwa asilimia 49.1. Maalim Seif akakubali matokeo hadharani, na akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Zizingatieni hesabu hizi mbili, nyinyi wanafunzi. Mwaka 1995 tofauti haikufika asilimia moja. Mwaka 2010 tofauti ilikuwa kama asilimia moja. Wagombea wa pande mbili walikuwa karibu sawa katika nyakati zote mbili. Lakini mara ya kwanza hesabu hiyo ilizaa kususiana na mauti, na mara ya pili ilizaa baraza moja la mawaziri. Kilichobadilika si hesabu. Kilichobadilika ni kwamba watu walikwisha kukaa wakapatana, kabla ya siku ya kura, kwamba atakayeshindwa hatatupwa nje ya nyumba.

Wala sitakudanganyeni kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa kabla ya kutangazwa mshindi, ukarudiwa Machi 2016, CUF wakasusia, na umoja ule ukavunjika. Uchaguzi wa 2020 nao ulizua malalamiko mazito; lakini Disemba mwaka huo Maalim Seif, akiwa katika chama kipya, aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza, na akafariki dunia Februari 2021 akiwa katika wadhifa huo. Basi tumaini tunalolihubiri si ahadi ya kwamba kila kilichojengwa kitadumu. Ni ujuzi wa kwamba kilichovunjika kimewahi kujengwa, kwa mikono ya watu waliokuwa na kila sababu ya kuchukiana, na kwa hiyo chaweza kujengwa tena.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa neema zake zisizohesabika, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, tumekwisha kusema kwamba tumaini la kweli lina miguu. Sasa tuzitaje njia linazopita, ili mtu atakapotoka hapa ajue la kufanya.

Njia ya kwanza ni haki za watu walio karibu nasi. Mtume (S.A.W.) ametutajia haki za Mwislamu juu ya Mwislamu: kumjibu salamu, kumzuru akiugua, kulifuata jeneza lake, kuitika mwaliko wake. Hakusema: ila akiwa wa chama kingine. Na amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Ilhali sisi tumewaona watu wakihamana kutoka uchaguzi hadi uchaguzi, miaka mitano mitano. Kura yako yaweza kupotea. Pengine huna uwezo wa kuilinda. Lakini salamu yako hakuna tume iwezayo kuifuta. Anayemzika jirani wa chama pinzani amefanya jambo ambalo serikali yote haiwezi kumfanyia, na hapo hapo amelitengeneza taifa kwa kadiri ya uwezo wake.

Kumbukeni hadithi ya muflisi. Mtume alitueleza kuwa muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiama na sala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya huyu, amempiga yule. Basi wagawiwe hao mema yake mpaka yaishe, kisha abebeshwe madhambi yao. Jiulizeni ni watu wangapi watakuwa muflisi siku hiyo kwa ajili ya mgombea ambaye hata majina yao hakuwa akiyajua.

Njia ya pili ni kuuchunga ulimi na habari. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratul Hujurat tuichunguze habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Zamani uvumi ulikwenda kwa miguu, kutoka baraza hadi baraza. Leo uko ndani ya simu, mfukoni mwa kila kijana, na kabla ya sala ya Isha umekwisha kufika kila kisiwa. Anayesambaza habari ya mauaji ambayo hakuithibitisha, na watu wakauana kwa ajili yake, asidhani mikono yake ni safi kwa sababu alibonyeza tu.

Njia ya tatu ni kuitafuta haki kwa mlango wake. Iko methali wanayoipenda washindi: asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali ya kweli pale mchezo ulipochezwa kwa haki. Isifanywe kizibo cha kuwaziba vinywa wenye malalamiko ya kweli. Dini yetu haikuamuru kuiita dhulma kuwa ni kadari kisha kulala. Suratun Nisaa inatuamuru kusimama imara kwa uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu wenyewe au wazazi wetu. Na Suratul Maida inatuonya kwamba chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Ziwekeni aya mbili hizi pamoja. Ya kwanza inamkataza mnyonge kunyamaza. Ya pili inamkataza kulipiza.

Na mlango wa haki, ijapokuwa huchelewa kufunguka, hufunguka. Tanzania ilikuwa na sheria ya mwaka 2000 iliyowaruhusu wagombea kuwapa wapiga kura kile kilichoitwa takrima. Raia walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitengua vifungu hivyo. Jirani zetu wa Kenya walipoteza watu zaidi ya 1,100 katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Disemba 2007. Hawakuishia kwenye makaburi. Waliandika katiba mpya, ikatangazwa rasmi Agosti 2010. Na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa rais, ukarudiwa. Si kwamba kila mtu aliridhika baadaye. Lakini ugomvi uliowahi kupelekwa kwa mapanga ulipelekwa kwa karatasi, na hilo si jambo dogo.

Njia ya nne ni ya aliyeshinda, kwani khutba hii si ya walioshindwa peke yao. Ewe uliyeshinda, usiseme: mla ni mla leo. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipopewa uongozi aliwaambia watu kwamba amewekwa juu yao hali ya kuwa si mbora wao, wamsaidie akitengeneza na wamnyooshe akipotoka. Hayo ni maneno ya mtu aliyekubaliwa na umma baada ya Mtume. Wewe uliyepita kwa kura chache, unapata wapi kiburi? Anayemkata tamaa mwenziwe ana sehemu katika dhambi ya kukata tamaa huko. Mpe haki yake kabla hajaiomba.

Njia ya tano, nayo ndiyo ndefu kuliko zote, ni malezi. Fikirini: uchaguzi hufanywa na nani? Anayeandika majina katika daftari la wapiga kura, anayehesabu karatasi kituoni, wakala anayetia saini fomu ya matokeo, askari anayesimama mlangoni, mtangazaji, hakimu: hao wote ni watoto wa watu. Walilelewa katika nyumba kama zetu, wakakaa madrasa kama zetu. Aliyeandika tarakimu ya uongo hakuanza siku ile. Alianza siku alipoiba jibu katika mtihani na mzazi wake akafurahia cheti, au siku alipotumwa dukani akabakisha chenji na watu wakamcheka kwa ujanja wake.

Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd kukusanya zaka. Aliporudi, alitenga sehemu akasema hii ni yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume alipanda mimbari, akauliza mbele ya watu: lau angelikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingelimjia? Hilo ni swali la kufundishwa kila mtoto kabla hajapata kazi. Anayejua kulijibu, huyo hanunuliwi kwa kanga wala kwa kilo ya sukari siku ya kampeni, na akiwa karani wa kituo, kalamu yake haitikisiki.

Basi enyi wazazi na walimu, mnaouliza kuna faida gani ya kulea katika haki, jibu liko hapa. Makarani wa uchaguzi wa miaka 15 ijayo wamekaa sasa hivi katika mikeka yenu wakisoma juzuu. Mahakimu wake wako darasa la saba. Hakuna aliyekwisha kuwaharibu bado. Mwaka huu huenda kura yako haikuhesabiwa sawa. Lakini mtoto wako hajahesabiwa bado, naye yuko mikononi mwako. Huo ndio mche. Upandeni.

Nanyi vijana, msimpe mtu yeyote ujana wenu auchome moto wa siku moja. Wako watakaokuambieni mtoke na mawe, nao wenyewe hawatatoka. Wako watakaokuambieni muache kila kitu, msijiandikishe tena, msiseme tena, nchi haina dawa. Wa kwanza anataka damu yenu na wa pili anataka kimya chenu, na wote wawili wamekata tamaa. Someni sheria. Jifunzeni hesabu. Semeni kweli kwa adabu, na mkiwa na ushahidi uandikeni na muuhifadhi. Salini pamoja na msiokubaliana nao. Subira si kulala. Abu Jandal alirudishwa katika minyororo yake akiwa na imani yake nzima, na faraja aliyobashiriwa ilimfikia.

Ewe Mola wetu, tuunganishie nyoyo zetu zilizotengwa na vyama. Warehemu waliokufa katika uchaguzi wetu, wa zamani na wa karibuni, waliojulikana na wasiojulikana, na uwape subira waliowaacha. Waongoze wanaotutawala katika uadilifu, na uwaepushe na dhulma waliyoipenda na dhulma wasiyoijua. Usitufanye sisi kuwa sababu ya mtu kukata tamaa na rehema yako. Tupe macho ya kuona wajibu ulio karibu, na nguvu ya kuutekeleza, na nyoyo za kukuachia yaliyobaki.

Waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema zake naye atakuzidishieni. Na simamisheni Sala.